Probox yangu inachemsha mlimani na feni inazunguka: nianzie wapi?

SWALI

Fundi, salaam. Niko Kisumu, naendesha Probox ya 2008 yenye injini ya 1NZ. Kila Ijumaa napeleka mizigo Nakuru. Kwenye tambarare ya Ahero hadi Awasi gari halina neno, lakini nikianza kupanda kuelekea Kericho nyuma ya lori la majani chai, taa nyekundu ya joto inawaka. Fundi mmoja wa mtaani alitoa thamostati (ile vali inayofunguka kwa joto la maji) akaitupa, akasema huku kwetu ni joto, haina kazi. Gari likaendelea kuchemsha. Nikakata waya za feni nikaziunganisha na betri kupitia swichi niliyoifunga mwenyewe kwenye dashibodi. Sasa feni inavuma mpaka naisikia ndani, lakini mlimani bado linachemsha, swichi inapata moto, na petroli inaisha haraka kuliko zamani. Nimeshanunua washa nene (vile visahani vya chuma vya bolti) soko la Kibuye niziweke chini ya bawaba za boneti ili nyuma inyanyuke, joto litoke, kama nilivyoona kwenye magari ya vijana. Nikishindwa nitaitoboa boneti. Napenda kujifanyia kazi zangu mwenyewe. Nianzie wapi?

JIBU

Salaam sana, ndugu yangu. Hizo washa zirudishe mfukoni kwanza, na drili usiiguse.

Upepo unaopita juu ya boneti ukifika kwenye kioo cha mbele hugonga na kujibana pale chini ya waipa. Ndiyo maana waundaji wa magari huweka pale pale tundu la kuingizia hewa ya kupumua ndani ya gari. Ukiinua boneti nyuma, gari likiwa mbioni hewa haitoki pale, inaingia. Gari likisimama kweli utaona joto linatoka pale, na vijana wataapa kwamba dawa imefanya kazi, lakini harufu ya oili na moshi wowote wa injini utaletewa wewe na abiria wako. Na kutoboa? Koili za plagi za 1NZ zimekaa juu kabisa ya injini. Mvua ya Kericho ya alasiri unaijua. Maji yakijaa kwenye matundu ya plagi utaanza kuniuliza swali jingine, la gari linalokata-kata.

Halafu joto unaloliona chini ya boneti silo linalochemsha maji yako. Kazi ya kupoza ni ya rejeta, na rejeta inahitaji hewa ipite ndani yake, maji yapite ndani yake, na presha. Nikisoma barua yako naona huenda vyote vitatu vina hitilafu, na viwili mmeviharibu wenyewe.

Anza na feni, kwa sababu kipimo chake hakikugharimu kitu. Injini ikiwa baridi, washa ile swichi yako, kisha sogeza ukurasa wa gazeti mbele ya grili. Karatasi inapaswa kuvutwa na kung'ang'ania pale. Ikipeperushwa kuelekea kwako, umebadilisha waya: chanya umeiweka kwenye hasi. Mota ya aina hii ukiigeuzia umeme inazunguka kinyumenyume, na mapanga yake yamekunjwa kwa upande mmoja tu, kwa hiyo inasukuma hewa mbele, tena kivivu. Nilipata gari la namna hii hapa Nakuru, la mteja kutoka Njoro. Alikuwa ameshabadilisha rejeta na pampu ya maji, na feni ilikuwa inapiga kelele kama posho mill. Tuligeuza waya mbili, akaenda nyumbani akiwa amenyamaza kabisa.

Hali yako inafanana na ile. Tambarare, ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, upepo wa safari unaishinda feni iliyogeuka, rejeta inapoa. Mlimani nyuma ya lori unatambaa, injini inafanya kazi ngumu, upepo hauna nguvu, na feni inausukuma urudi ulikotoka. Ukiona karatasi inavutwa vizuri, basi nimekusingizia. Endelea na yanayofuata.

Swichi inapata moto kwa sababu umeibebesha umeme wote wa feni. Feni kama hiyo hula takriban ampia 10 hadi 15, na inapoanza kuzunguka hula zaidi. Swichi ndogo ya dashibodi na waya mwembamba haviwezi. Gari lako lilitoka kiwandani na rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), kwa hiyo ningependa urudishe waya za asili jinsi zilivyokuwa, kisha uwashe AC: feni ikiamka, fyuzi, rilei na mota ni vizima, na la kutafuta ni kwa nini haikuwa ikiamka kwa joto la maji, yaani sensa au plagi yake yenye kutu. Kama waya za asili zimekatwa vibaya mno, funga rilei mpya. Namba zimeandikwa chini yake. Namba 30 iende betri, na fyuzi ya ampia 20 ikae karibu kabisa na betri, si karibu na feni. Namba 87 iende kwenye feni. Namba 86 ipate umeme kutoka swichi yako, umeme unaokuja ukiwasha ufunguo tu. Namba 85 iende bodi, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Waya wa 30 na 87 uwe wa milimita 2.5 za mraba au zaidi. Hapo swichi itabeba umeme mdogo sana wa kuamsha rilei na haitapata moto tena. Kuhusu waya uliopo sasa sitanii: usilisafirishe hilo gari nao hata mara moja. Fyuzi hukuitaja, na nahofia haipo.

Sasa thamostati. Hili ndilo jambo linaloniuma kuliko yote, maana kila wiki naletewa gari ambalo kifaa hiki kimetupwa. Watu hudhani ni kizuizi cha maji kilichowekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kwenye 1NZ imekaa pale maji yanaporudi kwenye injini kutoka rejeta, na ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi inafunga njia ya rejeta. Injini ikipata joto inafungua njia hiyo, na papo hapo kisahani chake cha upande wa pili kinaziba njia ya mkato, ile inayoyazungusha maji ndani ya injini bila kuyapeleka rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Maji hupita penye wepesi, kwa hiyo sehemu ya maji yanayochemka inarudi injini bila kupozwa. Asubuhi, au ukiteremka, mambo yanageuka: injini haifiki joto lake, taa ya buluu inachelewa kuzima, kompyuta inadhani ndiyo kwanza umeliamsha gari, na inaongeza petroli. Hapo ndipo mafuta yako yanapokwenda.

Nunua mpya iliyopigwa chapa ya 82, pamoja na raba yake. Kabla ya kuifunga ipime jikoni (sufuria uiombe kwanza, isiwe ya ugali). Ifunge uzi, iteremshe ndani ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, washa moto. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kufunguka kabisa ni kwenye 95, na hapa huwa nawatahadharisha watu wa Nakuru: sisi tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo usiirudishe dukani kwa kuwa haikumalizia. Kwako Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, utapata 96. Ukiifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu ili hewa ipite.

Na hiyo habari ya kimo ndiyo inanipeleka kwenye kifuniko cha rejeta, ambacho hukukitaja kabisa. Pale Mau Summit, karibu mita 2,500, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Injini yako ikiwa na afya njema kabisa inafanya kazi karibu na hapo. Kinachoyazuia maji yasichemke ni presha inayoshikiliwa na springi ya kifuniko. Kikiandikwa 1.1 (kipimo cha presha) na bado kizima, hata Mau Summit maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Springi ikilegea au raba ikikauka, unapanda mlima na sufuria isiyo na kifuniko. Nashuku kwamba ugonjwa wako wa kwanza, kabla hamjagusa kitu, ulikuwa huu. Kifungue injini ikiwa baridi kabisa. Ukiona raba imepasuka au ina ukoko, nunua kingine chenye namba ile ile, si kubwa zaidi. Dalili nyingine: gari likipoa, maji yaliyokwenda kwenye chupa ya akiba hayarudi, au hosipaipu ya juu imenywea.

Ukiwa hapo mbele, tazama kwa tochi kati ya kondensa (ile rejeta ya AC iliyo mbele) na rejeta. Magari ya Kisumu nayajua: wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, na juu yao makapi ya miwa kutoka matrela ya barabara ya Muhoroni. Vikikaushwa pamoja vinakuwa blanketi. Osha kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha inalaza mapezi. Kama kasha la plastiki linalozunguka feni au kava la chini vimetolewa, vitafute uvirudishe, kwa sababu bila hivyo hewa inapita pembeni ya rejeta.

Maji ya bomba au kisima yamwage. Ya huku Bonde la Ufa yana madini mengi. Meno yetu watu wa Nakuru ni ushahidi. Changanya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu na maji yaliyoondolewa madini nusu, yale yanayouzwa kama maji ya betri, lakini soma chupa vizuri usije ukanunua asidi. Egesha gari pua ikitazama mlimani, kifuniko kikiwa wazi, hita kwenye joto la mwisho, liache lingurume huku ukibinyabinya hosipaipu ya juu mpaka mapovu yaishe na hosi ya chini ianze kupata joto. Kisha ongeza, funga.

Mapovu yakigoma kuisha, au hosi ikiwa ngumu asubuhi kabla hujawasha, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, acha kazi hapo. Gari lililochemsha mara nyingi hivyo huenda limeunguza gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku. Tafuta gereji yenye ile dawa ya buluu inayopimia kwenye mdomo wa rejeta. Ikigeuka manjano, moshi wa silinda umeingia kwenye maji, na hedi itashuka.

Mpaka uyamalize haya, taa nyekundu ikiwaka barabarani zima AC, fungua hita yote, egesha penye usalama, zima injini, ungoje nusu saa au zaidi kabla ya kugusa kifuniko. Mizigo ya Ijumaa hii mpe mwenye gari jingine.