Barabara ya Mombo–Lushoto

Hii ni barabara ya Milima ya Usambara, Tanzania: inapita wapi, ilianzaje, na uiendesheje. Inachepuka barabara kuu ya Segera–Same pale Mombo, inapanda bonde jembamba hadi Soni, kisha inaishia Lushoto mjini. Jumla kama km 33 za lami, kutoka mita 400 na kitu hadi karibu 1,400 juu ya usawa wa bahari. Soni ni karibu nusu ya njia: maporomoko yako hapohapo kando ya barabara, na njia ya Bumbuli inaanzia hapo.

Asili yake ni reli. Treni kutoka Tanga ilikuwa imefika Mombo kufikia 1905, na Wajerumani walihitaji njia ya kupanda hadi Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Magogo ya msitu wa Shume, juu ya milima hiyohiyo, hayakupita huku. Yalishushwa yakining'inia kwenye waya wa juu hadi Mkumbara, penye reli.

Kupanda hakuna shida, kazi ni kushuka. Tumia gia ileile uliyopandia, mara nyingi ya pili. Ukikanyaga breki mfululizo hupata moto, mafuta yake huchemka na pedali inalegea, inazama hadi chini. Ukisikia harufu ya kuungua simama, ziache zipoe zenyewe, usimwagie maji. Piga honi kabla ya kila kona isiyoonyesha mbele, maana mabasi huchukua barabara nzima. Masika mawe na udongo huporomoka toka ukingoni, kwa hiyo usishuke usiku mvua ikinyesha.