Utoro Una Kalenda Yake: Ushauri kwa Mwalimu Anayetafuta Sababu Katika Takwimu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana wa shule ya msingi mkoani Mtwara. Ameagizwa kuandaa taarifa ya utoro sugu shuleni kwake ndani ya wiki mbili, na aliniuliza aanze na takwimu zipi kati ya zile zilizo wazi kwa umma, ili taarifa yake isiishie kuwa orodha ya majina ya watoro na wazazi wa kuitwa ofisini. Nilifurahi kuulizwa, kwa sababu swali hilo nilihangaika nalo kwa karibu miaka miwili bila mtu wa kunielekeza. Niliumia pia, kwa sababu siwezi kulijibu bila kueleza jambo ambalo sijawahi kulieleza hadharani.

Nilikuwa nafundisha katika kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, katika shule ambayo ukisimama dirishani unauona mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki, na dagaa walioanikwa mchangani. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, na daftari langu la mahudhurio lilisifiwa na kila mkaguzi aliyepita, kwa kuwa niliita majina asubuhi na mchana bila kuruka hata siku moja. Katika daftari hilo kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akilelewa na bibi yake, mwepesi wa hesabu, ambaye alikuwa akitoweka kwa siku kadhaa, akarudi, kisha akatoweka tena. Nilimwonya na kumwadhibu, na mwisho nikaandika barua kwa mtendaji wa kijiji ili mlezi wake aitwe. Bibi alikuja siku hiyo akiwa na kanga iliyolowa maji ya ziwa. Nilimuuliza mbele ya watu kwa nini hamleti mtoto shuleni, naye akanijibu kwa utulivu, "Mwalimu, huyu ukimtaka shuleni, umtafute wakati wa mwezi." Nilidhani ananifanyia mzaha, kwani wakati gani si wa mwezi fulani? Alitozwa faini. Mimi ndiye niliyesisitiza atozwe.

Baada ya faini ile kijana alihudhuria kwa siku chache tu, kisha hali ikawa kama zamani. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta takwimu, na nakiri kwamba sikuongozwa na huruma, bali na hamu ya kuthibitisha kwamba wazazi wa kisiwani ni wazembe kuliko wengine.

Nilianza na takwimu za elimu ambazo TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, huzitoa kila mwaka, zikionyesha wanafunzi walioandikishwa kwa kila darasa, waliokariri, na walioacha shule pamoja na sababu zilizotajwa. Ukizifungua utaona kwamba sababu inayozizidi nyingine zote kwa mbali, ikiwa mbele ya mimba, vifo, ugonjwa na ukosefu wa mahitaji, inaitwa "utoro". Nilikaa na neno hilo kwa muda mrefu. Kusema mtoto ameacha shule kwa sababu ya utoro ni sawa na kusema marehemu amefariki kwa sababu ya kukata roho: ni tukio lenyewe limepewa jina la sababu. Takwimu za mwaka mzima haziwezi kukupa zaidi ya hapo, kwa kuwa zinahesabu aliyeandikishwa na aliyeondoka, lakini hazimwoni aliye katikati.

Huyo wa katikati ndiye mwenye tatizo. Kwa kawaida mwanafunzi huhesabiwa kuwa ameacha shule asipoonekana kwa siku 90 mfululizo. Sasa mchukue mtoto anayekosa siku 6 za masomo kila mwezi. Kwa miezi tisa amekosa siku 54, zaidi ya robo ya siku 194 za mwaka wa masomo, lakini hakuna hata mara moja ambapo utoro wake utafikia mfululizo unaoweza kumwingiza katika jedwali lolote. Sisi walimu huuita utoro wa rejareja, kana kwamba ni mdogo. Nchini Marekani shule nyingi hutumia kipimo cha asilimia 10 ya siku za masomo, ziwe zimekoswa kwa ruhusa au bila ruhusa, na kwa kalenda yetu hiyo ni takribani siku 20 tu. Nilipokitumia kipimo hicho kwa daftari langu, majina niliyokuwa nikiyaona kuwa ya watoto wa kawaida yalijaa ukurasa.

Wapo watakaosema kwamba watoto hawa hatimaye humaliza. Elimumsingi bila malipo ilipoanza mwaka 2016, zaidi ya watoto milioni 2 waliandikishwa darasa la kwanza nchini, na mwaka 2022, ambao ndio mwaka ambao wenzao wasiokariri wangefika darasa la saba, waliosajiliwa kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi walikuwa takribani milioni 1.38. Si wote waliopungua walioacha shule, maana wengi walikuwa wamekariri na walikuwa bado madarasa ya nyuma, na ni lazima ulieleze hilo unapotumia hesabu ya namna hii. Hata hivyo pengo la ukubwa huo haliundwi na watoto wanaokaa darasani kila siku.

Nikarudi kwenye daftari nikiwa na dhana ya mvua, kwa sababu njia ya kutoka upande wa pili wa kisiwa hujaa maji wakati wa masika. Takwimu za mvua zinapatikana bure: Chuo Kikuu cha California kilichopo Santa Barbara kinatoa makadirio ya mvua yanayoitwa CHIRPS, kuanzia mwaka 1981, kwa vipande vya ardhi vyenye upana wa takribani kilomita 5. Nilijifunza kuzipakua na kuzipanga kwenye lahajedwali kwa kompyuta mpakato niliyoiazima. Nilichora grafu nzuri sana, na grafu hiyo haikunieleza chochote. Siku za mvua kubwa watoto walikuwepo, na siku za jua kali madawati yalikuwa matupu. Miezi miwili ya usiku wangu iliishia hapo, na sikumweleza mtu.

Jibu lilikuja nikiwa nimeacha kutafuta. Nilikuwa nimepanga idadi ya waliokosa kwa kila siku ya masomo, bila majina, katika mstari mmoja mrefu wa mwaka mzima, na usiku mmoja nilipoutazama mstari huo niliona mawimbi. Ulikuwa unapanda na kushuka kwa nafasi zinazofanana, takribani siku 29 au 30 kati ya kilele na kilele. Nilitoka nje ya nyumba. Ziwani hapakuwa na taa hata moja, na juu kulikuwa na mwezi mpevu unaoangaza mpaka unaona kivuli chako. Ndipo sauti ya bibi iliponirudia: umtafute wakati wa mwezi.

Kila mtu wa ziwani analijua jambo hili, na mimi mwenye shahada sikulijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta wakaja juu, lakini mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Giza likirudi, kazi inarudi: wavulana huingia kwenye mitumbwi, na alfajiri wasichana na akina mama hubeba ndoo, huanika, hugeuza na huokota kabla dagaa hawajaharibika. Nilichukua tarehe za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambazo hutangazwa miaka mingi kabla na mtu yeyote anaweza kuzipata, nikaziweka chini ya mstari wangu. Vilele vyote vikubwa vilikaa gizani. Kisha nikamwomba mwalimu mwenzangu wa nchi kavu, mbali na ziwa, anipe jumla zake za kila siku bila majina. Kwake mawimbi hayakuwepo. Palikuwa na ongezeko kila wiki siku ya mnada. Ulinganisho huo mdogo ndio uliofanya niamini kwamba sikuwa najidanganya.

Ukurasa mmoja niliouchora kwa mkono wangu, wenye mstari wa utoro juu na mwezi chini, ndio kazi ninayojivunia kuliko vyeti vyangu vyote. Niliupeleka kwenye ofisi moja nikitarajia tutaipanga upya ratiba yetu. Baada ya majuma machache niliuona ukionyeshwa ukutani katika kikao nilichoalikwa kama msikilizaji, ukielezwa na mtu mwingine, bila jina la shule yangu wala langu. Nilinyamaza siku ile, na bado sijaizoea hisia ile. Kwa hiyo, mwalimu wangu wa Mtwara, andika jina lako na tarehe kwenye kila ukurasa kabla haujatoka mkononi mwako.

Shuleni kwetu tulifanya yaliyo ndani ya uwezo wetu. Majaribio ya kila mwezi tuliyahamishia kwenye majuma ya mbalamwezi, masomo ya kufidia tukayaweka hapo hapo, na uongozi wa mwalo ukakubali kwamba mtoto aliye darasani asipande mtumbwi usiku wa kuamkia siku ya masomo. Wengine walilitii kubaliano hilo, wengine hawakulitii. Mawimbi yalipungua kimo, hayakuisha.

Ushauri wangu kwako ni huu: usiulize kwanza ni nani anakosa, uliza ni lini. Jina la mtoto humwita mgambo, lakini tarehe hukupeleka kwenye sababu. Chukua daftari lako, hesabu waliokosa kwa kila siku, wavulana peke yao na wasichana peke yao, na uitazame tarehe kabla ya kumtazama mtu. Kwenu korosho huvunwa kuanzia kama Septemba hadi mwishoni mwa mwaka, na tangu mwaka 2007 zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima hupeleka korosho ghalani, hupewa stakabadhi, kisha mzigo huuzwa kwa minada ambayo tarehe na bei zake hutangazwa. Ziweke tarehe hizo chini ya mstari wako. Huenda zikalingana, huenda zisilingane kama mvua yangu ilivyokataa. Vyovyote vile utakuwa umeuliza lini. Tafuta shule iliyo mbali na mikorosho ulinganishe nayo. Na majina ya watoto yabaki ndani ya daftari, kwa sababu takwimu za umma ni za kushirikishana, lakini mtoto si wa umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda.

Ndugu walimu, sote tunatamani siku moja tuitwe waliobadilisha shule zao, na tamaa hiyo ni njema. Lakini hatuna haki ya kumwita mzazi mzembe ilhali hatujaitazama kalenda anayoishi nayo. Tumepewa madaftari, sasa wengi tuna vishikwambi, na takwimu zinapatikana bila malipo. Anayeendelea kutoza faini bila kuhesabu siku amechagua kutojua. Nalisema hilo nikijua kwamba mimi nilichagua hivyo hivyo.

Kijana yule hakurudi darasani. Nilipogundua kalenda ya utoro wake alikuwa ameshahamia mwalo mwingine na kaka zake, na katika matokeo ya mtihani wa darasa la saba wa mwaka uliofuata, shuleni kwetu, hakuwemo. Nilikwenda kwa bibi yake jioni moja ya mbalamwezi, wakati hakuna kazi ziwani. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama, naye akanikaribisha mkekani, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Na ile faini, umekuja nayo?"

Sikuwa nimekwenda nayo. Nilimpelekea mshahara ulipotoka, shilingi kwa shilingi, na alizihesabu mbele yangu kabla ya kuzifunga kwenye pindo la kanga.