Japani ilishinda Marekani, au iliishinda Marekani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma habari za michezo katika redio moja hapa Arusha. Majuzi tulikuwa tunaandaa kipindi kuhusu mashindano ya dunia ya besiboli, yale ya timu za taifa (World Baseball Classic), nikaandika hivi: "Mwaka 2023 Japani iliishinda Marekani mikimbio 3 kwa 2." Mhariri wangu akafuta i moja, akasema kidole kimeteleza nikachapa herufi mara mbili. Nilipomweleza kwamba niliiweka makusudi, akajibu kwamba hata kama ni hivyo msikilizaji ataelewa tu. Halafu hataki "mikimbio", anataka "mabao". Na mtangazaji mwenzetu anasema angeandika "waliwashinda". Tumwamini nani? (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo i aliyoifuta mhariri wako ndiyo iliyokuwa inatueleza nani kapigwa. Ukiiondoa, Marekani inabaki imening'inia mwishoni mwa sentensi: msikilizaji anaweza kuichukua kuwa mpinzani, na anaweza vilevile kuichukua kuwa mahali mechi ilipochezwa.

Majina ya miji na nchi katika Kiswahili hayana haja ya -ni ili yawe mahali. Tunasema nyumbani, sokoni, shuleni, lakini hakuna aliyewahi kwenda Arushani. Mtu huenda Arusha, hulala Arusha, hufanya biashara Arusha. Kwa hiyo akishinda Arusha, ameshinda akiwa Arusha. Tena kitenzi chenyewe kushinda kina mizigo yake: mtu hushinda mchezo, na mtu hushinda mahali, maana yake kutwa nzima yuko hapo. Chukua sentensi "Vijana wetu wameshinda Moshi." Mzazi aliyeko Njiro akisikia hivyo aelewe nini? Wameifunga timu ya Moshi? Wamechukua ushindi kwenye uwanja wa Moshi, dhidi ya timu ya Tanga labda? Au wamekaa Moshi tangu asubuhi na watarudi jioni na kifodi cha mwisho? Sema "wameishinda Moshi" uone maswali mawili yanavyokufa hapohapo.

Mhariri wako ana bahati ya mwaka 2023. Fainali ya mwaka huo ilichezwa Miami, na aliyepigwa ni Marekani, kwa hiyo "Japani ilishinda Marekani" ni kweli ukiisoma vyovyote. Sasa arudi nyuma hadi mwaka 2006, mashindano hayo yalipochezwa kwa mara ya kwanza. Japani ilitwaa ubingwa San Diego kwa kuipiga Kuba 10 kwa 6. Njiani ilikuwa imekutana na Marekani katika raundi ya pili, ikafungwa 4 kwa 3. Ukiandika "Mwaka 2006 Japani ilishinda Marekani", umesema kweli kuhusu mahali na umesema uongo kuhusu mechi. Mwaka 2017 ndiyo kichekesho kabisa: Marekani ilibeba kombe Los Angeles kwa kuichapa Puerto Rico 8 kwa 0, na kwa sarufi ya mhariri wako tunapata "Marekani ilishinda Marekani". Msikilizaji wa kwenye kifodi cha Kwa Mrombo atadhani redio imekwama.

Kama besiboli iko mbali, mpe ya nyumbani. Katika CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa Agosti 2025 nchini Kenya, Tanzania na Uganda, Moroko ilichukua kombe pale Kasarani, Nairobi, kwa kuifunga Madagaska 3 kwa 2. Tangaza kwamba "Moroko ilishinda Kenya", halafu subiri simu kutoka Namanga. Watakukumbusha kwamba katika hatua ya makundi Harambee Stars, timu ya Kenya, ndiyo iliyoifunga Moroko, 1 kwa 0. Ile ya robo fainali Dar es Salaam sitaki kuirefusha. Pale Moroko ilishinda Tanzania na iliishinda Tanzania, yote mawili kwa usiku mmoja. Na fainali za AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ambazo nchi zetu tatu zimepewa uenyeji zikifika, kwa kiwanja kipya kinachojengwa hapo Arusha, mtakuwa na sentensi za namna hii kila jioni.

Kwa nini basi watu wanaiangusha? Nadhani ni masikio. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: i-li-i-SHI-nda. Ile i ya tatu imebanwa kati ya i ya "li" na silabi yenye nguvu, na mtangazaji mwenye haraka huimeza. Msikilizaji husikia "ilishinda", akija kuandika huandika alichosikia. Dawa yake ni rahisi. Badilisha wakati. Weka -me- mahali pa -li-: "Japani imeishinda Marekani." Hapo i inasimama baada ya e, inasikika wazi, na sidhani kama mhariri wako angethubutu kuifuta. Kama unaihitaji kwenye imeishinda, unaihitaji kwenye iliishinda. Wakati uliopita haujaifuta, umeificha tu.

Kuna sababu nyingine, na hii inanivutia zaidi. Mtu akiwa mtendwa, kiambishi chake hatukiachi kamwe. Katika fainali hiyohiyo ya 2023, mchezo ulimalizikia kwa Shohei Ohtani wa Japani kumrushia mpira Mike Trout wa Marekani, watu waliokuwa wakichezea klabu moja, Los Angeles Angels. Trout alilizungusha gongo lake (la mchezo, si lile la kwenye chupa), likakata hewa, mechi ikaisha. Sisi hapa ilikuwa alfajiri ya tarehe 22 Machi. Nani anayesema Kiswahili angesema "Ohtani alishinda Trout"? Ulimi wenyewe unakataa, unataka alimshinda. Lakini ikija nchi, tunaiona kama kitu, na vitu tunaweza kuviacha bila kiambishi: nimesoma gazeti, nimelisoma gazeti, zote zinakwenda. Timu ina sura mbili. Kwa ngeli ni kitu, ila kwa kushindana ni watu, na anayeshindwa anataka kutajwa ndani ya kitenzi kama Trout.

Usije ukaiongeza kila mahali, lakini. Mechi haishindwi kama mpinzani anavyoshindwa. Mwaka huo wa 2023 Japani ilicheza mara 7 bila kupoteza hata mara moja, kila mara na timu tofauti. Basi "ilishinda mechi zote 7", na "ilizishinda timu zote 7". Ukisema "ilizishinda mechi", utadhani mechi zilikuwa zinapigana nayo. Ukitaka kutaja mahali, lugha ina maneno yake ya kazi hiyo: ilishinda nchini Marekani, ilishinda mjini Miami, ilishinda huko San Diego. Wapo wanaojaribu "ilishindia Marekani" ili kupaonyesha mahali. Mimi nawashauri waache, kwa kuwa kushindia kumekwishapata kazi nyingine: mtu hushindia uji, au hushindia maji na kashata mpaka jioni.

Mikimbio ibakizeni. Kufunga peke yake hakuna tatizo nako. Wacheza drafti wa Kilombero hawana goli wala wavu na bado utawasikia "nimekufunga tatu". Ila "mabao" yakitajwa kwenye habari ya michezo, msikilizaji anaona mpira wa miguu, na hapo mtakuwa mmempotosha mtu ambaye labda hajawahi kuona besiboli. "Mikimbio" imeshazoeleka kwenye kriketi, na katika besiboli inaeleza kinachotokea: mchezaji anakimbia anazunguka vituo vyote, anarudi alikoanzia, anahesabiwa mmoja.

Huyo mwenzenu wa "waliwashinda" simkatalii. "Japani waliwashinda Marekani" ndiyo lugha ya kijiweni, kama "Yanga wamewafunga Simba", na angalia kwamba kijiweni hawaisahau ile wa ya pili. Wao hawana utata wenu wa redioni. Ninachokikataa ni kuchanganya, "Japani iliwashinda Marekani", mmoja kitu na mwingine watu, ndani ya pumzi moja. Mkiamua wa, iwe wa pande zote mbili. Mkiamua i, vivyo hivyo.

Kwenye taarifa iliyoandikwa mimi ningechagua i, yaani upatanisho wa nchi na timu. Nikiandika "Wajapani waliwashinda Wamarekani" napata shida na Lars Nootbaar, mchezaji aliyevaa jezi ya Japani mwaka huo. Amezaliwa California, mama yake ni Mjapani, na sheria za mashindano hayo zinaruhusu mtu kuchezea nchi ya mzazi wake. Sijui nimweke upande gani wa sentensi hiyo. Katika "Japani iliishinda Marekani" anaingia bila maswali, kwa sababu yaliyotajwa hapo ni majina ya timu.