Lithiamu na serotonini
Dada, umeuliza kama lithiamu, dawa ya kutuliza hisia anayotumia kakako, ni ya kuongeza serotonini tu, ile kemikali ya ubongo inayohusika na hisia. Hapana. Husaidia serotonini ifanye kazi vizuri zaidi ubongoni, ndiyo maana madaktari huiongeza dawa za sonona zinapokosa nguvu. Lakini pia huzuia kimeng'enya cha GSK-3, protini inayoongoza kazi nyingi ndani ya seli, na mengine mengi.

Mimi ningeangalia maji kwanza. Mamangu huitumia, akirudi kutoka Kibuye saa nane, leso imelowa jasho, nampa maji kabla hajaketi. Mwili ukikauka, lithiamu hupanda kwenye damu. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, nayo huipandisha. Kakako akianza kutetemeka sana, kutapika au kuyumba, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, apimwe damu.