Dekali inakunjamana kwenye ribiti na kwenye pua ya ndege

Swali: Fundi, naunda modeli ya ndege ya kipimo cha 1:72. Dekali za kuloweka majini, yaani zile picha na alama zilizochapwa kwenye utando mwembamba, zinakaa vizuri juu ya bawa, ila penye ribiti (vile vichwa vya misumari ya kuungia mabati) na kwenye pua ya mviringo zinakunjamana. Zikikauka zinabaki na weupe kama ukungu. Nimeongeza gundi, wapi! Nakosea wapi?

Jibu: Gundi iweke kando, haina kosa wala msaada hapa. Una matatizo mawili yanayofanana kwa sura tu.

Huo weupe ni hewa. Rangi isiyong'aa, hata ukiiona laini kwa macho, ina vinundu vidogo mno, na utando wa dekali hulala juu ya vilele vyake huku hewa ikibaki chini. Kwa hiyo kabla ya dekali pulizia vanishi ya kung'aa, mikono miwili myepesi, uiache ikauke siku nzima. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kuona ndege imekamilika.

Mkunjo ni jambo jingine. Karatasi huzunguka mkebe bila shida kwa sababu mkebe umepinda upande mmoja tu. Jaribu kuifunga kwenye mpira uone. Pua ya ndege ni mpira, na kila ribiti ni kimpira kidogo. Hapo utando ama ulainishwe, ama ukatwe.

Dawa za kulainisha zipo. Ninazozitumia mimi ni Micro Set na Micro Sol. Ya kwanza, yenye harufu ya siki, hupakwa chini kabla dekali haijashuka. Ya pili hupakwa juu baada ya kuiweka mahali pake na kunyonya maji kwa kijiti cha pamba, ukianzia katikati kwenda ukingoni. Zijaribu kwanza kwenye dekali usiyoihitaji, maana tando nyingine ni nyembamba na huyeyuka.

Ukishapaka Micro Sol, dekali itajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Utashtuka. Usiiguse! Wakati huo ni laini kiasi kwamba ncha ya brashi inaichana, nami nimewahi kupoteza nyota nzima ya ubavuni kwa kutaka kuinyoosha. Iache, itajinyoosha yenyewe ikikauka.

Ikishakauka, angalia ribiti moja moja. Palipobaki kipovu, kitoboe kwa ncha ya sindano, dondoshea dawa kidogo, kisha gandamiza kwa brashi fupi yenye unyevu ukiisimamisha wima. Huenda ukarudia mara tatu au nne. Kwenye mifereji ya maungio ya mabati, pitisha wembe mpya juu ya mfereji, halafu dawa tena. Wembe butu utaivuta dekali badala ya kuikata.

Puani, dawa peke yake haitoshi. Kabla ya kuloweka, punguza utando usio na picha, kisha kata vipembe vyembamba kutoka ukingoni kuelekea katikati, ukipitia pasipo na maandishi. Ikilala, kingo za vipembe zitakutana, na upenyo utakaobaki utauziba kwa rangi inayolingana. Lakini kama ni mkanda mpana wa rangi moja unaozunguka pua yote, mimi singehangaika na dekali: ningebandika tepu na kupaka rangi.

Zile zilizokwisha kuota weupe usizibandue kwanza. Kama hujazifunika kwa vanishi, zitoboe matundu mengi madogo kwa sindano palipo na ukungu, paka Micro Sol, uiache ipenye usiku kucha. Nyingi hupona. Asubuhi futa mabaki ya dawa kwa kitambaa chenye unyevu, la sivyo yataacha alama chini ya vanishi ya mwisho.