Jibu: Pikapu ya shamba na ya kujengea, Pemba

Waalaykum salaam sheikh wangu. Umeuliza uchukue pikapu ya Toyota Hilux ya zamani ya injini ya 5L au ile ya injini ya D-4D, zote za dizeli, kwa njia za shamba Konde na kubebea mchanga na matofali. Mimi ningechukua 5L. Haina tabo (turbo, ile ya kuiongezea injini nguvu), mlimani inajikokota kama punda aliyeshiba, lakini fundi yeyote anaijua. D-4D ina nguvu, ila nozeli zake, zile za kupulizia dizeli ndani ya injini, hazitaki dizeli chafu, na zikifa utatoka jasho.

Lakini injini si kitu. Huku kwetu gari huuliwa na chumvi. Lala chini na tochi na bisibisi, gonga chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari), hasa pale springi za nyuma zinaposhikia. Ikilia kama chuma, sawa. Bisibisi ikizama, inuka ujikung'ute uende zako. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi, shuku zaidi. Yangu ya kwanza ilikuwa imepambwa hivyo hivyo. Masika hayajesha, ina mawe nyuma, chesisi ikakatika.

Foo-wili (gari kuvuta kwa magurudumu yote manne) ijaribu kwenye udongo mtelezi, usikate kona nayo kwenye lami kavu, utaumiza gia. Ikigoma kuingia, punguza bei au iache.