Kiharusi Kilipomnyang'anya Mama Maneno

Mama alikuwa akipima omena soko la Kibuye, Kisumu, gorogoro, mkebe wake wa kupimia, ikamponyoka. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande, na mteja alipomuuliza kuna nini, akajibu, "Kesho." Hospitalini kila swali lilipata jibu hilo hilo. Jina lako nani? Kesho. Unaumwa wapi? Kesho, huku machozi yakimtoka.

Tulidhani amerukwa na akili. Jirani mmoja wa Kondele alitaka aombewe pepo limtoke. Mimi bintiye niliamini hivyo kwa wiki mbili nzima, na wiki hizo zinaniuma mpaka leo.

Kumbe ilikuwa afasia, kupotewa na lugha baada ya ubongo kuumia. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alitamka "tan" tu, ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca alikuta ubongo wake umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke wa Ujerumani akaeleza hali nyingine: mgonjwa anasema mfululizo bila kukwama, lakini maneno hayashikani, na ya wenzake hayaelewi vizuri. Kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo huo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Ndiyo maana gorogoro na maneno vilimtoka mama kwa mpigo mmoja.

Ukiwa na mgonjwa kama huyu nyumbani, zima redio, keti mbele yake akuone uso. Usipaaze sauti, masikio yake ni mazima. Uliza "Unataka chai?" badala ya "Unataka nini?" Hata hapo uwe mwangalifu. Mama alikuwa akisema "hapana" akimaanisha ndiyo, nasi tuliondoa chai mara kadhaa kabla sijaona macho yake yakikifuata kikombe. Tangu siku hiyo namwonyesha kitu chenyewe.

Kisha ngoja. Hili ndilo lililonishinda kwa muda mrefu. Nilikuwa nikimmalizia sentensi nikidhani namsaidia, kumbe neno alilokuwa amelishika nusu linamponyoka tena. Siku hizi nahesabu moyoni mpaka kumi. Na usiruhusu mtu amjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Muuguzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Huyu anaelewa kweli?" Mama akageukia ukuta.

Nyimbo, sala na kuhesabu mara nyingi hubaki. Mama aliimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani kabla hajaweza kuomba maji. Mtaalamu wa tiba ya usemi akatumia mlango huo: "nataka maji" kwa sauti ya kuimba, huku tukimgongagonga mkono wa kushoto taratibu, kisha tukaupunguza wimbo kidogo kidogo.

Nyanya alitarajia Kijaluo kirudi kwanza. Kilichotangulia ni Kiswahili cha sokoni. Kwa mtu wa lugha kadhaa huwezi kujua ipi itatangulia, kwa hiyo ifuate ile inayokuja.

Ukiona uso umepinda, mkono umelegea au maneno yamevurugika, kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja.

Huu ni mwaka wa tatu. Jumapili iliyopita nilikaa naye Kibuye, mteja akauliza bei ya gorogoro. Nilipofungua mdomo, mama aliinua mkono wa kushoto kunizuia. Tukangoja, mteja na mimi.

"Mia," akasema. "Mia... nne."